Baiskeli ya mtumba inalia? Tafuta kelele inakotoka kabla hujaipiga picha

Leo ni zamu ya nyie mnaouza baiskeli za mtumba kwa WhatsApp, Instagram na kwenye magrupu ya Facebook. Swali linalokuja sana inboksi ni hili: "Baiskeli yangu ni nzuri, rangi safi, breki zinashika, ila mtu akiipanda inalia. Niiuze hivyo hivyo au niipeleke kwa fundi?"

Jibu langu: usiiuze bado, na usiipeleke kwa fundi bado. Kwanza jua inalia wapi. Hiyo ni kazi ya robo saa, na nyingi ya vipimo vyake huhitaji kufungua hata nati moja. Ukienda kwa fundi ukisema "inalia", atafungua kila kitu na utalipia kila kitu. Ukienda ukisema "krenki ya kushoto inacheza", utalipia krenki ya kushoto tu.

Mimi nauza baiskeli mtandaoni, na nyingi zinapanda basi kwenda mikoani. Kwa hiyo mteja wangu haji kujaribu. Ananiamini mimi na video yangu. Kama na wewe ndivyo unavyouza, soma hadi mwisho.

KELELE NI HELA

Tupige hesabu ya mfano. Baiskeli umeichukua kwa 120,000, unaiuza 165,000. Faida 45,000. Mzigo kwenye basi tuseme ni 15,000. Mteja akiipanda siku ya kwanza ikalia, akakasirika akataka kuirudisha, unabeba 15,000 ya kwenda na 15,000 ya kurudi. Hata ukija kuiuza tena kwa bei ile ile, umebaki na 15,000, na fundi bado hujamlipa. Hapo sijahesabu komenti atakayokuandikia chini ya posti yako.

Halafu kuna jambo zito kuliko hela. Krenki iliyolegea haiishii kulia. Siku moja inachomoka mtu akiwa amesimama juu ya pedali anapandisha kilima, anaangukia usukani kwa kifua. Wanunuzi wetu wengi wanamnunulia mtoto wa shule au mtu anayebebea mzigo. Kwa hiyo tunapotafuta kelele, tunamlinda mtu ambaye hatutawahi kumuona.

Tuelewane maneno kwanza. Krenki ni ule mkono wa chuma unaobeba pedali. Ziko mbili, ya kulia na ya kushoto. Ekseli ya krenki ndiyo inayoziunganisha ikipita ndani ya fremu kwa chini. Sproketi ya mbele ni lile duara lenye meno linalovuta cheni.

ANZA KWA KUHESABU

Panda baiskeli sehemu tulivu, tambarare, isiyo na magari. Sikiliza inalia kwa kufuata nini.

1. Inalia mara moja kila krenki inapomaliza mzunguko, hasa ukiwa umekandamiza pedali ile ile. Hapa mshukiwa ni pedali, krenki, ekseli ya krenki au bolti za sproketi.

2. Inalia kufuata tairi. Ukiongeza kasi inaharakisha, na ukiacha kukanyaga pedali bado inaendelea. Hiyo haihusiani na krenki kabisa. Angalia spoku zilizolegea, breki inayogusa rimu, madigadi inayogusa tairi.

3. Inalia kila baada ya mizunguko miwili au mitatu ya krenki. Hiyo ni cheni. Chukua cheni ya pingili 112 na sproketi ya mbele ya meno 44: gawanya, unapata kama 2.5. Yaani pingili moja ngumu au iliyopinda inarudi kwenye meno kila baada ya mizunguko miwili na nusu. Zungusha krenki kinyumenyume polepole huku ukiangalia cheni kwa nyuma, utaiona pingili inayokataa kukunjika.

4. Inalia ovyo ovyo, hasa ukihamisha uzito wa mwili au ukivuta usukani. Anza na siti na usukani.

Watu wengi wanaruka hatua hii wanakimbilia krenki, kwa sababu sauti inatokea chini. Fremu ya baiskeli ni mabomba matupu, sauti inasafiri ndani yake. Siti inaweza kulia ukaapa kwamba ni krenki. Usiamini sikio peke yake, amini vipimo.

VIPIMO VITANO BILA KUFUNGUA KITU

Kipimo cha kwanza: kaa, kisha simama. Kanyaga ukiwa umekaa, halafu kanyaga ukiwa umesimama juu ya pedali. Kelele ikikata ukisimama, ni siti au bomba lake. Chomoa bomba la siti, futa kutu na vumbi, paka grisi nyembamba, lirudishe, kaza. Kaza na bolti inayoshika siti yenyewe. Mara nyingi inaishia hapo na hujatumia hata mia tano.

Kipimo cha pili: mguu mmoja mmoja. Kanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake. Ikilia upande mmoja tu, anza na pedali ya upande huo. Azima pedali ya upande ule ule kutoka baiskeli nyingine, ifunge, jaribu tena. Kelele ikiondoka, kesi imeisha. Ikibaki, pedali haina kosa, endelea.

Kipimo cha tatu: breki na pedali. Simama pembeni ya baiskeli. Weka krenki usawa wa ardhi, moja mbele moja nyuma. Shika breki zote mbili, kisha ikandamize pedali ya mbele kwa mguu, achia, kandamiza tena. Baiskeli haitembei, kwa hiyo kelele za tairi kuzunguka zimeshatoka kwenye kesi. Ikilia hapo, mara nyingi shida iko kwenye pedali, krenki, ekseli au fremu. Geuza, fanya na pedali ya pili.

Kipimo cha nne: tikisa krenki. Shika mwisho wa krenki karibu na pedali, vuta nje, sukuma ndani kuelekea fremu. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, maana jibu lake halina ubishi:
- Krenki moja inacheza na mwenzake katulia: hiyo moja imelegea pale inaposhika ekseli.
- Zote mbili zinacheza pamoja: ekseli nzima inacheza, shida iko kwenye beringi au vikombe vyake.

Kipimo cha tano: shusha cheni kutoka kwenye sproketi ya mbele, weka kiganja juu ya bomba la siti, zungusha krenki taratibu kwa mkono mwingine. Ukihisi kama kuna mchanga unasagwa ndani, gololi zimekauka au zimeliwa. Krenki zikizunguka laini kabisa na kelele haipo tena, rudi kwenye cheni na friwili ya nyuma.

Na tafadhali, usimwagie oili kila mahali ili inyamaze upige video. Itanyamaza siku mbili, itavuta vumbi, na siku ya tatu italia ikiwa kwa mteja. Ulichofanya hapo ni kuihamisha kelele kutoka kwako kwenda kwenye simu yako.

IJUE AINA YA KRENKI ULIYONAYO

Dawa inategemea aina. Kwenye mtumba na baiskeli za bei nafuu utakutana sana na hizi tatu.

Ya kwanza, krenki za pini. Utaziona kwenye baiskeli za chuma za breki za fimbo, zile za muundo wa Phoenix, Hero na Avon. Kila krenki inashikwa na pini moja yenye ubavu uliochongwa mshazari, na nati ndogo upande wa pili. Ikilegea inapiga "tak" kila mzunguko, na ukisimamia pedali unahisi inateleza kidogo kabla haijashika.

Kukaza nati peke yake hakutoshi, na hapa ndipo watu wanakata nyuzi za pini bure. Kazi ya nati ni kuzuia pini isirudi. Kinachoiingiza pini ni nyundo. Weka chuma kizito chini ya krenki kama mhimili, gonga pini iingie, kisha kaza nati. Ipande dakika kadhaa, rudia kugonga na kukaza. Pini mpya hujikalia vizuri baada ya kutumika, kwa hiyo mwambie mteja aikaze tena baada ya siku chache. Ukinunua pini, chukua ile ya zamani uende nayo dukani. Za muundo wa Kiingereza nyingi ni milimita 9.5, lakini za 9 zipo pia, na pini nyembamba kwenye tundu pana haitakaa hata ugonge hadi jioni.

Ya pili, krenki za mraba. Hizi ziko kwenye baiskeli nyingi za gia na za mjini kutoka Japani na Ulaya. Ncha ya ekseli ina pembe nne, krenki ina tundu la pembe nne, na bolti au nati inaisukuma krenki ipande kwenye mraba huo. Toa kifuniko cha plastiki, utaona bolti ya spana 14 au 15, au tundu la spana ya eleni namba 8.

Krenki nyingi za aina hii ni za aluminiamu na ekseli ni chuma. Sasa fikiria: krenki imelegea, mtu anaendelea kuipanda. Kila akikanyaga, chuma kinakula aluminiamu, na tundu linaanza kuwa la mviringo. Likishafika hapo, hata ukikaza leo, kesho limelegea tena. Ndiyo maana nasema kukaza mapema ni bure, kuchelewa ni kununua krenki.

Kaza kiasi gani? Kipimo cha kawaida ni kama Nyutoni-mita 35 hadi 40. Kama huna spana ya kupimia, chukua spana ya sentimita 20 na uikandamize kwa nguvu kama ya kunyanyua ndoo ya maji ya lita 20. Kabla ya kukaza, safisha mraba wote kwa kitambaa kikavu na paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti. Kutoa krenki hii kunahitaji pula yake maalumu. Fundi akitaka kuitoa kwa nyundo, mkataze kwa heshima umtafute mwenye pula.

Ya tatu, krenki ya kipande kimoja. Hii ni chuma kimoja kilichopindwa kikapita ndani ya fremu kutoka kulia hadi kushoto, utaiona sana kwenye baiskeli za watoto. Hapa hakuna cha kulegea kati ya krenki na ekseli, maana ni kitu kimoja. Ikicheza ni beringi. Unarekebisha upande wa kushoto, na kumbuka nati zake za kushoto zina nyuzi za kinyume: kukaza ni kuelekea kushoto.

Na ukifika kwenye vikombe vya beringi vya baiskeli za muundo wa Kiingereza, kikombe cha upande wa cheni nacho kina nyuzi za kinyume. Kukifungua unazungusha kulia. Wengi wamevunja spana hapo wakidhani kimeshika kutu.

KRENKI HAZIKO SAWA

Kuna baiskeli hailii sana, ila mteja anakwambia "nikiipanda nahisi nachechemea". Hapo tunapima mpangilio wa krenki.

Krenki mbili zinatakiwa ziangaliane kinyume kabisa, nusu duara, digrii 180. Kipimo chake ni rula tu. Simamisha baiskeli wima kwenye sakafu iliyonyooka, mtu akushikie. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya krenki. Kisha weka krenki ya kulia mbele mpaka tundu la pedali liwe kwenye kimo hicho hicho. Sasa nenda upande wa pili upime tundu la pedali ya kushoto. Kimo kiwe sawa. Kwa krenki ya sentimita 17, tofauti ya sentimita 1.5 ni kama digrii 5, na mguu unaihisi.

Sasa tofauti inakwambia nini?

Kama ni krenki za pini, angalia pini zimeingia kutoka upande gani. Kanuni: krenki ya kulia ikiwa mbele, ona nati ya pini yake iko juu au chini. Zungusha hadi ya kushoto iwe mbele. Nati yake lazima iwe pale pale, juu kwa juu au chini kwa chini. Kama zimepishana, mtu aliingiza pini moja kinyume, na krenki haziwezi kunyooka hata ukigonga vipi. Itoe, igeuze. Kama zimeingia vizuri lakini bado kuna tofauti ndogo, basi pini moja imechongwa zaidi ya nyingine au imeliwa. Badilisha zote mbili kwa pamoja, ni kipuri cha bei ndogo.

Kama ni za mraba, tumia akili ya mraba. Pembe ni nne, kwa hiyo aliyeifunga vibaya atakosea kwa robo duara nzima, na utaiona kwa macho ukiwa mbali. Tofauti ndogo ya digrii chache haiwezi kutokana na kufunga vibaya. Hiyo ni krenki iliyoliwa tundu, au iliyopinda. Usipoteze muda kuifungua na kuirudisha.

Krenki ikibadilishwa, soma namba iliyogongwa nyuma yake, mara nyingi karibu na tundu la pedali: 165, 170, na kadhalika. Huo ni urefu kwa milimita. Mtumba umepita mikono mingi, na unaweza kukuta kulia 170 na kushoto 165. Hailii, haichezi, lakini mguu mmoja unachora duara dogo kuliko mwenzake. Ukienda kununua ya kushoto, nenda na namba.

PEDALI INAYUMBA: NANI KAPINDA?

Baiskeli ikianguka kwa upande, pedali ndiyo inapiga chini. Mguu unahisi pedali inalala ndani na nje kila mzunguko. Ama ekseli ya pedali imepinda, ama krenki imepinda. Bei zake ni tofauti, kwa hiyo usikisie.

Fungua pedali polepole kwa spana 15 huku ukiangalia ncha yake ya nje. Ikichora duara wakati inafunguka, ekseli ya pedali ndiyo imepinda: nunua pedali. Ikitoka imenyooka, haichori duara, ila imekaa upande ukilinganisha na krenki, basi krenki imepinda au nyuzi zake ziliwahi kulazimishwa.

Kwa sproketi ya mbele, zungusha krenki ukiangalia uwazi kati ya meno na fremu. Ukipungua na kuongezeka huku krenki ya kulia inabaki umbali ule ule kutoka kwenye fremu, sproketi ndiyo imepinda, na fundi mzuri ananyoosha. Kama krenki nayo inasogea na kurudi, shaka ekseli.

KELELE AMBAYO HAIUZWI

Baada ya vipimo, kila kelele inaangukia fungu moja kati ya matatu.

Fungu la spana: bolti, nati, bomba la siti kavu, pedali isiyokazwa. Rekebisha, uza kwa bei kamili.

Fungu la kipuri: pini, pedali, gololi, krenki iliyoliwa. Piga hesabu ya kipuri na fundi kabla hujapanga bei. Gololi zikiharibika badilisha zote. Baiskeli za chuma za zamani nyingi zinatumia gololi za robo inchi, 11 kila upande zikiwa huru bila kishikio.

Fungu la tatu: fremu. Pale chini mabomba yanapokutana kwenye ekseli ya krenki, futa uchafu wote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, angalia kwenye mwanga mkali. Unatafuta mstari mwembamba wa kutu uliopasua rangi. Pitisha ukucha. Kama unakwama na ukikandamiza pedali mstari unafunguka, huo ni ufa. Fremu ya chuma inaweza kuchomelewa na mtu anayejua kazi, na mnunuzi lazima aambiwe. Ya aluminiamu ukiichomelea kienyeji moto unaidhoofisha, hivyo ivunje uuze vipuri. Magurudumu, breki, siti na cheni vitakurudishia sehemu ya hela. Kumuuzia mtu fremu yenye ufa na kunyamaza ni kitu ambacho hakuna faida inayokilipia.

KUPAKIA KWA BASI

Hapa ndipo kelele mpya inazaliwa. Tunatoa pedali ili mzigo uwe mwembamba, na huko unakofika anayezifunga hajui kwamba pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Anailazimisha upande wa kulia, nyuzi za krenki zinakatika, na lawama zinakuja kwako.

Mwisho wa ekseli ya pedali umegongwa herufi: R ni ya kulia, L ni ya kushoto. Bandika gundi ya karatasi uandike neno zima, KULIA au KUSHOTO. Usiandike K tu, maana zote zinaanza na K! Bandika na kwenye krenki zenyewe. Kulia na kushoto ni kwa mtu aliyekaa juu ya siti.

Halafu mtumie mteja maelekezo haya kwa voisi: "Anza kwa vidole, isiingie kwa spana mpaka imezunguka mara tatu au nne laini. Ikigoma, usilazimishe, ujue ni ya upande wa pili. Zote mbili unakaza kwa kuzungusha kuelekea gurudumu la mbele."

MTEJA AKIPIGA: "INALIA!"

Usibishane na usiombe msamaha haraka. Uliza. Haya ni mazungumzo yangu na mama mmoja wa mkoani:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Baiskeli imefika, ila inalia. Mjukuu wangu kaipanda toka stendi inapiga tak, tak. Mimi naona nikurudishie tu."
"Pole mama. Naomba asiipande kwanza. Inapiga akikanyaga mguu gani?"
"Anasema wa kushoto."
"Na akisimama bila kukaa kwenye siti?"
"Hapo ndiyo inazidi."
"Basi siti haihusiki. Ashike ule mkono wa chuma wa kushoto, auvute nje na kuusukuma ndani. Unacheza?"
"Anasema mkono umetulia, kinachocheza ni pedali yenyewe."

Aliyewafungia kule stendi alikuwa ameikaza kwa vidole tu. Wakaazima spana 15 kwa jirani, wakaizungusha kuelekea gurudumu la mbele, kimya. Ingeendelea hivyo wiki moja, pedali ingetoka na nyuzi za krenki. Mama alibaki na baiskeli, na baadaye akanitumia namba ya jirani yake huyo huyo anayetaka ya kwake.

Maswali ni manne, yaandike pembeni ya simu: Inalia ukikanyaga au hata usipokanyaga? Mguu gani? Ukisimama inakuwaje? Ukitikisa krenki nini kinacheza? Jibu la nne likiwa krenki, mwambie asimame hapo hapo asiipande hata kwenda kwa fundi. Aikokote.

TANGAZO LAKO

Toa muziki kwenye video. Mnunuzi wa baiskeli anataka kusikia baiskeli. Rekodi sekunde 20 za mtu akikanyaga akiwa amesimama, na sekunde 10 za mkono wako ukitikisa krenki zote mbili. Kisha andika kama hivi:

"Baiskeli ya mtumba kutoka Japani, inchi 26, gia 6. Krenki 165 pande zote mbili, zimekazwa na kupimwa. Pedali ya kushoto mpya. Siti imechanika kidogo nyuma, ona picha ya nne. Video ina sauti halisi."

Tangazo la namna hiyo linapunguza maswali, na mteja akikuta siti imechanika hashangai, maana ulishamwambia.

Una baiskeli inakusumbua sasa hivi? Andika kwenye komenti: inalia lini, mguu gani, ukisimama inakuwaje, na krenki ukizitikisa nini kinacheza. Nitajibu mmoja mmoja nikifunga kazi jioni. Na kama una mwenzako anauza baiskeli, mtumie hii kabla hajapakia mzigo wa kesho.